Jina Jekundu la Bi Mwaija

Bi Mwaija hukwangua chumvi mikono imefungwa matambara. Sisi wengine tunakwangua mikono mitupu, msimu ukiisha viganja vimepasukapasuka, na hatujali. Yeye anajali. Anachana kanga kuukuu vipande virefu, anazungusha kuanzia kwenye kifundo mpaka vidoleni, anakaza fundo kwa meno. Jioni anafungua, ananawa, anajipaka mafuta ya nazi. Wanaomcheka wapo. Habiba, yule anayesukuma toroli la viroba, alikuwa akisema karibu kila asubuhi, "Bi harusi kashafika. Mpisheni, asije akaharibu hina."

"Cheka, Habiba," Bi Mwaija humjibu. "Siku yako ikifika ndiyo utajua kwa nini."

Hapo Habiba husukuma toroli lake akaenda, maana mtaa mzima wa Dunda unajua. Bi Mwaija ni mwosha. Mwanamke akifariki, mtoto hutumwa mbio kwake, naye huacha alichoshika akaenda kuosha maiti. Niliwahi kumuuliza kuhusu yale matambara. Akasema aliye hai ukimkwaruza atakwambia taratibu, unaniumiza, lakini yule aliyelala pale hana wa kumwambia. Basi.

Hakufundishwa darasani. Mama yake mzazi alipofariki, yeye alikuwa msichana wa umri wangu wa sasa, na mwosha wa mtaa siku zile alikuwa bibi kizee asiyeona vizuri. Bibi akamwambia, "Shika kopo umimine, usilie juu ya maji." Akamimina. Tangu hapo akawa anafuatana naye, na bibi alipokwisha kufa yeye ndiye aliyemwosha. Mumewe, Muharami, alikwenda Pangani kuoa mke wa pili, akanogewa, akabaki huko huko. Mwanawe wa pekee anaendesha bodaboda Kerege na ana watoto wake wa kuwatazama. Kuosha si kazi ya ujira. Watu wakimpa mche wa sabuni anapokea, wasipompa hauulizii. Kinachomlisha Bi Mwaija ni chumvi. Akitolewa kwenye chumvi hana pengine. Naliandika hilo mapema ili nisije nikaambiwa kwamba hasira zangu zimezidi.

Majaruba yetu yako nyuma ya mikoko, kaskazini mwa mji. Jaruba ni kiwanja cha matope yaliyoshindiliwa, kina kingo pande zote. Maji ya bahari yanaingizwa humo, jua linayanywa, chumvi inabaki chini, na sisi tunaikwangua kwa reki. Mwenyewe ni Mzee Muhanna, mmoja wa wale Waarabu wa mjini waliokaa hapa tangu babu zao. Hadi mwaka jana mpango wake wa kazi ulikuwa ubao. Ubao mkubwa umeegemezwa kwenye ukuta wa banda, umepigwa misumari safu kwa safu, kila jaruba na safu yake. Kila mkwanguaji alikuwa na kibao kidogo chenye alama, kwa kuwa wengi wetu kusoma ni kwa kuungaunga. Cha Bi Mwaija kilichorwa kitana, cha Hajra samaki, changu kikombe. Asubuhi msimamizi wetu, Bwanausi, anatundika: kitana na kikombe jaruba la sita. Unatupa jicho mara moja, umejua uko wapi na uko na nani.

Na kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa popote. Ukipatwa na jambo la ghafla, mtoto kazidiwa au msiba umetokea, unageuza kibao chako kichwa chini unaondoka. Mwenzio wa jaruba anajua umemwambia nishikie. Anakwangua sehemu yako na yake. Ukirudi, unamkwangulia yeye apumzike. Bwanausi akipita akaona kibao kimegeuka alikuwa anapita zake. Jaruba liko safi, chumvi imelundikwa, aulize nini?

Kitana cha Bi Mwaija kiligeuka kuliko vibao vyote, kwa sababu watu wanakufa.

Sasa niandike habari za Kholood, na nitajizuia nisimtukane. Mzee Muhanna macho yamemfifia, kwa hiyo kabla ya msimu huu alimkabidhi kazi binti yake, Kholood, anayeishi Dar na aliyesomea mambo ya kompyuta. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu angekuwa mbaya ningejua pa kumweka. Alikuja na kishikwambi mkononi, akautazama ubao wetu, akasema unatakiwa mfumo. Kuanzia sasa mpango utakuwa kwenye simu, na kila mtu atauona.

Kumbe Amin, karani, alikuwa na desturi ya kuupiga picha ubao kila jioni amtumie Mzee Muhanna nyumbani, ajue kazi inakwenda. Picha zilikuwepo za misimu miwili. Kholood akamwambia aziingize zote kwenye mfumo, ijulikane nani huja kazini na nani haji. Amin katoka Ubena, hana muda mrefu hapa, na reki hajawahi kuishika. Akaketi ofisini na picha zake. Kibao kilichosimama akaandika yupo. Kibao kilichogeuka akaandika hayupo. Hakuinuka kwenye kiti kumuuliza mtu yeyote. Mlango wa ofisi unatazamana na banda, angeweza kuuliza hata kwa kupaza sauti tu.

Tukaitwa bandani siku ya kusomewa majina ya msimu. Kholood akasimama mbele, akatuamkia vizuri wakubwa wote. Akasema hakutakuwa na upendeleo tena, mfumo haumjui mtu kwa sura. Waliokuwepo majina yao ni meusi. Waliozidi kukosekana majina yao ni mekundu, na hao mfumo umewaondoa.

"Na kama alikuwepo msimamizi akiwaachia watu waondoke ovyo," akasema, "naye tutazungumza naye."

Bwanausi alikuwa amesimama karibu yangu.

Amin akasoma. Jina la Bi Mwaija halikuja. Akaenda mbele mwenyewe kutazama, na Kholood akamwonyesha kwenye kishikwambi: mstari mzima mwekundu, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu," Bi Mwaija akasema, "siku hizo nilikuwa naitwa kuosha. Jaruba langu halikulala hata siku moja. Wenzangu walinishikia, na mimi nikawashikia."

"Kuosha nini, mama?"

"Maiti."

Kholood akautazama tena ule mstari. "Pole. Lakini mbona ni siku nyingi hivi? Chukua hii hapa, Jumanne ya mwisho kabla ya Ramadhani. Ulikuwa kwa nani?"

Mimi siku ile naijua. Nilikuwa naye jaruba la sita. Alikuja mtoto anakimbia juu ya kingo, kanzu kaishika mkononi, akasema bibi kafa. Bi Mwaija akanipa reki yake. Mtoto yule ni wa Bwanausi. Aliyekufa ni mama yake Bwanausi.

Bi Mwaija alimtazama Bwanausi. Hakumkazia macho. Alimtazama kama unavyosimama kando ya mlango ili mwenzio atangulie kupita. Sote tulikuwa tunangoja.

"Msimamizi," Kholood akasema, "unajua lolote kuhusu hivi vibao kugeuzwa?"

"Mimi sijui," Bwanausi akasema. "Hayo mambo yao wanawake. Mimi natundika tu."

Hajra, mkewe, alikuwa safu ya pili. Alitia pindo la kanga mdomoni akaliuma. Habiba alitazama juu, kwenye paa. Hakuna aliyefungua mdomo, mimi nikiwemo, kwa sababu aliyemshikia mtu naye angeweza kuambiwa alikula njama, na majina yetu ndiyo kwanza yametoka meusi. Bi Mwaija akangoja kidogo tena. Kisha akachukua mkoba wake, akasema, "Haya. Kazi njema." Akatoka.

Nilimfuata mpaka barabarani.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?"

"Kwamba siku ile ulikuwa kwake. Kwa mama yake."

"Adila," akasema, "mimi nikishatoka kwenye chumba kile sijui nimemwosha nani. Nikianza kuwasimanga watu kwa maiti zao, leo nitamtaja jina, kesho nitaeleza alikuwaje. Nani tena ataniita?"

"Lakini yeye angeweza kusema."

"Angeweza."

"Sasa?"

"Sasa hakusema."

Akaenda zake. Nilirudi bandani huku nimeuma meno mpaka taya linauma.

Msimu ukaanza. Bi Mwaija akaenda sokoni kupara samaki. Ile kazi kwa mtu mwingine ni kazi tu, lakini samaki ana miba, na ukivaa matambara huwezi kumshika, anateleza. Vidole vikamwisha kwa kuchomwa. Vikaota vidonda, vikanuka shombo isiyotoka kwa ndimu wala kwa majivu. Alipofariki shangazi wa jirani yetu Sabiha, Bi Mwaija aliitwa kama kawaida. Alikwenda, akatayarisha majani ya mkunazi na karafuu maiti, halafu akamwambia mwenzake, "Osha wewe. Mimi nitamimina." Sabiha mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Anasema Bi Mwaija alisimama mwisho wa kitanda na kopo, mikono ameiweka nyuma kila alipomaliza kumimina, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Kwa hiyo mfumo ulimtoa kwenye chumvi, na kwenye kuosha pia ukaanza kumtoa. Mimi niliposikia hayo nilikuwa siwezi kumwamkia Bwanausi. Nilikuwa napita naye ukingoni naangalia maji.

Mfumo wenyewe ulikuwa karaha. Ulikuwa jedwali moja kubwa, majaruba upande huu, siku upande ule, majina yote, viroba vyote, maji kujaa na maji kupwa, gari, kila kitu ndani yake. Wote tuliletewa hilo hilo. Kwenye kishikwambi cha Kholood ninaamini lilipendeza. Kwenye simu ya Mtoro, mzee anayefungua lango la maji, yenye kioo kilichopasuka pembeni, ilibidi alisukume kwa kidole kulia na kushoto kama anayetafuta sarafu mchangani. Sisi wenye vitochi, simu ndogo za vibonyezo, hatukupata kitu. Asubuhi tunapanga foleni dirishani kwa Amin kumuuliza tumepangwa wapi, na Amin anasema, "Mfumo haujafunguka." Jua linapanda, mfumo haujafunguka. Habiba akamwambia, "Ukifunguka uniite, nimezeeka."

Siku ya bamvua, maji yalipojaa sana, Mtoro alikuwa langoni na simu yake. Alitakiwa aingize maji jaruba la saba lililokwisha kukwanguliwa. Akasukuma jedwali kwa kidole, mstari ukateleza, akasoma wa chini yake. Akafungulia jaruba la nane. La nane lilikuwa na chumvi iliyokomaa, nene, nyeupe, tulikuwa tuikwangue asubuhi ile ile. Tulipofika tukakuta bahari imekaa juu yake, imetulia kabisa. Chumvi yote ikarudi ilikotoka.

Hapo ndipo Kholood alipokuja mbio kutoka Dar. Andika hilo, nilijiambia. Bi Mwaija alipotoka hakuja mtu. Chumvi ilipotoka akaja siku hiyo hiyo.

Lakini nisidanganye, alifanya kazi. Hakumfokea Mtoro. Alivua viatu, akapandisha baibui lake juu ya vifundo, akakaa naye langoni, na mimi nilikuwa nalundika chumvi hapo karibu.

"Baba, siku ile uliona nini kwenye simu?"

"Mistari."

"Mstari upi?"

"Yote. Ndiyo shida yake."

"Wewe ungependa uone nini?"

"Unioneshe bamvua linakuja lini, na jaruba lipi nisiliguse. Majina ya wanawake usiniletee, nina mke mkali."

Kholood akacheka, akaandika. Akamfuata Habiba na toroli lake. Habiba akasema yeye anataka kujua viroba viko upande gani na gari linafika saa ngapi, asisukume toroli mpaka mwisho wa shamba akakuta upepo. Dereva alitaka idadi tu. Wakwanguaji tulitaka mambo mawili, jaruba na mwenzako, na tuyapate jioni, si asubuhi kwa foleni. Asiyejua kusoma alitaka simu impigie imtajie kwa sauti. Kholood alisema yote hayo yanawezekana. Kila mtu ataletewa kipande chake, kitochi kitapata ujumbe mfupi, na mpango wote atabaki nao yeye na Amin. Alikaa nasi siku kadhaa, akakwangua na sisi, akalalamika mikono inawaka moto, tukamwambia aikojolee, inapona, akatutazama kama tumechizi.

Watu wakafurahi. Kuulizwa kunafurahisha, hasa kama hujawahi. Mimi nilikuwa nawatazama wanavyochangamka, huyu anataka hivi, yule anataka vile, na hakuna aliyetaja jina la Bi Mwaija. Wote waliokuwa wakimshikia, wote ambao mama zao na dada zao wamepita mikononi mwake. Niliwachukia mmoja mmoja, kwa zamu.

Mwishoni Kholood akatukusanya bandani. "Na mtu akipata dharura?" akauliza. "Anatakiwa aondoke sasa hivi. Tuweke nini?"

Watu walitazamana miguu.

Bwanausi akajikohoza. "Waniombe ruhusa mimi," akasema. "Anaeleza shida yake, nikiridhika naandika kwenye simu. Itakuwa na utaratibu."

Hajra akaiweka reki chini. Aliiweka taratibu, lakini ilikuwa ya chuma, ikalia.

"Wakuombe wewe?"

"Hajra, hapa kazini."

"Najua ni kazini. Nyumbani nimekwambia tangu majina yatoke, ukawa unageukia ukutani unajifanya umelala." Watu wakaguna. "Leo hapa huna ukuta, Baba Yasmini. Wakuombe wewe ruhusa ya kwenda msibani?"

"Tutazungumza jioni."

"Jioni nitakuwa nimechoka. Dada Kholood, fungua hicho kidude chako. Jumanne ya mwisho kabla ya Ramadhani. Usitazame majina yetu, tazama la huyu bwana. Alikuwa wapi?"

Kholood akatafuta upande wa ruhusa za ofisini. Akasoma polepole. "Msimamizi. Udhuru. Msiba wa mama mzazi."

"Ehee. Ndiye mama mkwe wangu huyo, kafia mikononi mwangu. Sasa muulize mwenyewe. Mama yake alikwenda kaburini bila kuoshwa? Au alioshwa na mambo ya wanawake asiyoyajua?"

Bwanausi alikuwa ameshika nguzo ya banda.

"Utanifukuzisha kazi, Hajra."

"Basi twende wote tukapare samaki. Kuna mtu kakutangulia, atakufundisha."

Kholood aliketi juu ya kiroba. Alimuuliza Amin kama aliwahi kumuuliza mtu maana ya kibao kilichogeuka. Amin akasema aliona ni wazi. Kholood akasema, "Na mimi niliona ni wazi," akafunga kishikwambi. Sikumwonea huruma. Hajra pia sikumshangilia. Maneno yale yalikuwa kinywani mwake siku ile ya majina, akayazibia kanga, na miezi miwili Bi Mwaija alikuwa sokoni anachomwa na miba.

Kholood alinichukua mimi nimwongoze mpaka nyumbani kwa Bi Mwaija. Tulimkuta barazani anachambua mchele. Kholood akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa mkeka.

"Nimekuja kukuomba radhi, mama. Tulikosea."

"Nimesikia."

"Umeshasikia? Kwa nani? Ndiyo kwanza tumetoka."

"Hapa ni Dunda, habari hutangulia watu," Bi Mwaija akasema. "Na Hajra kafanya vibaya. Mkwewe kamtoa mbele za watu kama kidhibiti cha polisi."

"Bila yeye tusingejua."

"Mngejua kama mngetaka. Mlikuwa na haraka."

Kholood alilipokea hilo. Halafu akafungua kishikwambi kumwonyesha alivyopanga. Kutakuwa na sehemu ya dharura. Ukiitwa kuosha unabonyeza, unataja jina la marehemu na mtaa wake, basi, mfumo hautakuandika nyekundu tena.

Bi Mwaija akaacha kuchambua. "Jina la nani?"

"La marehemu."

"La kazi gani?"

"Ili ijulikane ni kweli, mama."

"Basi sirudi."

Alisema hivyo huku amekwisha kuinamia mchele wake. Nilikuwa najua hana unga ndani. Nilikuwa najua vidole vyake, nilikuwa naviona pale kwenye ungo. Nilitamani nimtikise.

"Mama, nina watu wengi pale," Kholood akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imeanza kupanda. "Akitokea mmoja anadanganya kila wiki, nifanyeje?"

"Anayemshikia atachoka, atamwambia mwenyewe. Wewe huna haja ya kujua nani kafa. Mimi siwezi kutembea na maiti za watu kwenye simu yako. Leo umeandika jina, kesho Amin analisoma dirishani."

"Sawa. Na asiyekuwa na wa kumshikia? Mgeni, ambaye hamjamzoea? Huyo kibao chake akigeuze vipi?"

Bi Mwaija akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Nilikumbuka, na nadhani yeye pia alikumbuka, yule binti wa Kikwere aliyekuja mwaka juzi. Mtoto wake aliugua, akageuza kibao, na mwenzake wa jaruba hakukwangua hata fungu moja la sehemu yake. Akaambiwa mvivu. Akaondoka katikati ya msimu, na sisi tukaendelea na kazi.

"Huyo," Bi Mwaija akasema, "tulikuwa hatumtazami."

Kuku akaja kwenye ungo, akafukuzwa.

"Basi iwe hivi," Kholood akasema. "Unabonyeza dharura, hakuna sababu wala jina. Mwenzako anabonyeza kwamba anakushikia. Asipotokea mtu wa kukushikia, anayeshika reki ni msimamizi."

"Bwanausi?"

"Bwanausi. Mwenyewe, jua la saa saba."

Bi Mwaija akacheka. Hakucheka sana, lakini niliona meno, na nilikuwa sijayaona tangu majina yasomwe. Kisha akaacha kucheka. "Na zile siku za nyuma? Ule wekundu?"

"Nimeufuta."

"Nataka nione."

Kholood akamwonyesha. Bi Mwaija hajui kusoma sana, lakini rangi anaijua. Akausogeza mstari kwa kidole chenye kidonda, mpaka mwisho, akarudi mpaka mwanzo, tena mara ya pili.

"Adila," akasema, "hili ni jina langu kweli?"

Nikamsomea. Lilikuwa lake.

Alianza kazi wiki ile ile, jaruba la sita, na mimi. Wengine walimpokea kwa vigelegele na aliwapungia mkono, lakini kwa muda mrefu alikuwa anakula chakula cha mchana peke yake ukingoni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Bwanausi hakufukuzwa. Kholood alisema akimfukuza yeye itabidi amfukuze na Amin, na ajifukuze na yeye mwenyewe. Mimi sikulipenda jibu hilo. Mpaka leo silipendi.

Ijumaa moja baada ya swala Bwanausi alikuja kwa Bi Mwaija, kanzu safi, mfuko wa sukari mkononi. Nilikuwa ndani namenya mihogo. Akasimama mlangoni mpaka alipoambiwa apite.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. "Niliogopa kazi," akasema. "Nina watoto wanne."

"Nawajua."

"Nilivyoulizwa pale, ulimi ukanizidi. Baadaye nikaona aibu kurudi nyuma. Kila siku ikawa ngumu zaidi."

"Naelewa."

"Basi naomba unisamehe."

Bi Mwaija hakukawia kumjibu, nadhani jibu alikuwa nalo siku nyingi. "Sijakusamehe, Bwanausi. Labda baadaye, sijui, moyo hauendeshwi kwa saa. Hiyo sukari mrudishie Hajra, watoto wanywe uji."

Alitaka kusema kitu, Bi Mwaija akamtangulia.

"Ila nyumbani kwako akitangulia mwanamke, yeyote yule, usione haya ukamtuma mtoto kwa mtu mwingine. Aje hapa. Nitakuja siku hiyo hiyo, na nitamfanyia kama nilivyomfanyia mama yako. Hilo halina uhusiano na wewe."

Bwanausi alilia. Mimi niliendelea kumenya mihogo. Alipomaliza alifuta uso kwa mkono wa kanzu, akaaga, akachukua sukari yake, akatoka akipitia uani badala ya mlango wa mbele ambako majirani walikuwa wamekaa.

"Ungemsamehe tu," nilimwambia Bi Mwaija, ingawa sikuwa nataka amsamehe. Nilitaka nisikie atasema nini.

"Kamsamehe wewe, una nafasi," akasema. "Na mihogo iko tayari, au unaiangalia?"